Mtoto Mchanga Hulia

Kanazi, Ngara
Novemba 1995

Mdogo wangu Frednand,

Tumsifu Yesu Kristo, kama huko Runazi bado mnaitikia salamu yetu. Maharage yamechanua na mbuzi amezaa mapacha.

Barua yako nimeisoma. Unasema umeokoka, umebatizwa mtoni, wewe ni kiumbe kipya na ya kale yamepita. Yamepita kwako. Miti ya chemchemi yetu Mungu aliiotesha kabla ya babu zetu, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Wewe uliikata, ukawauzia wakimbizi kuni, ukaondoka. Usiwasingizie wao, walitafuta cha kupikia tu. Wewe ulijua. Chemchemi ikakauka. Mama akaanza kuteka maji kule bondeni, akateleza na ndoo, akavunjika nyonga. Hatembei tena. Anakuombea kila jioni. Mimi siwezi.

Siupingi wokovu. Yesu alimwambia Nikodemo lazima tuzaliwe mara ya pili, nami naamini. Lakini mimi ni mkunga, Frednand. Watoto wote niliowapokea walikuja wakilia, na asiyelia tulimchapa mpaka alie. Barua yako inacheka mwanzo hadi mwisho.

Visiki vya chemchemi vimeanza kuchipua. Mungu anaviumba upya bila kelele. Njoo uvizungushie ua, mbuzi wasivile, kisha uingie ndani kwa mama. Nitasimama nje ya mlango, nisikilize kama umezaliwa.

Dada yako,
Agripina