Jina la Kwenye Pasipoti

Cartagena, 3 Februari 2019

Baba mpendwa,

Naomba baraka yako. Goti linaendeleaje, na presha? Mimi mzima, saluni inakwenda. Simu zangu hupokei, ila Shangazi Nereida ameniambia barua unasoma.

Nimekata tiketi ya meli ya watalii. Usicheke. Inaondoka hapa jioni ya tarehe 13 Machi, na kesho yake inafunga gati Colón, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Miaka kumi na moja sijakanyaga nyumbani. Kulala mtaani kwetu siwezi, unajua kwa nini, lakini mchana mmoja nauweza.

Kinachoninyima raha ni pasipoti. Bado inasema Eliécer, mwanamume, na picha ni ile ya kipara. Sasa nywele zinafika mabegani na kila mtu huku ananijua kwa Ivelisse. Wewe umekaa geti la bandarini miaka ishirini na sita ukikagua watu. Wanaangalia nini?

Mwanao,
Ivelisse

Colón, 15 Februari 2019

Eliécer,

Mungu akubariki. Goti ni lile lile, presha ya kawaida.

Sikiliza. Tiketi iandikwe jina la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi; likipishana hupandi. Beba barua ya daktari, na picha za miaka yote waone sura ni ile ile. Wakitaka kukupekua mwilini, omba chumba cha pembeni na useme unataka nani akupekue. Mlinzi wa kwanza akileta za kuleta usibishane, muulizie mkubwa wake.

Ila kuna njia fupi. Nyoa, vaa suruali, fanana na picha. Ni siku moja tu.

Babako

Cartagena, 22 Februari 2019

Baba,

Naomba baraka yako, ingawa barua yako niliitupa uvunguni, kisha nikainama kuitafuta.

Ushauri nimeushika, tiketi nimeiangalia mara tatu. Lakini sinyoi. Nikinyoa, atakayeshuka Colón ni nani? Huyo si aliondoka 2008, na ni wewe uliyemfungulia mlango atoke?

Unijibu hili tu: ningekuja getini kwako na nywele zangu hizi, ungenifanyaje?

Ivelisse

Cartagena, 6 Machi 2019

Baba, u mzima? Hujajibu. Natoka kuangalia sanduku la barua mara tatu kwa siku. Jana nimemkata mteja sikio. Kama hutaki nije, sema.

Ivelisse

Colón, 9 Machi 2019

Mwanangu,

Mungu akubariki. Barua hii nampa binti wa Nereida anayekuja huko kesho kwa ndege, posta itachelewa.

Mwaka 2011 alikuja abiria mmoja getini, gauni la njano, pasipoti ya kiume. Nililitaja jina la kwenye pasipoti kwa sauti foleni nzima isikie. Wenzangu wakafa kwa kicheko. Nikamwambia, "Bwana, simama pale juani tukuhakiki." Hakukuwa na cha kuhakiki; picha na uso nilishaona vinalingana. Alisimama mpaka meli ikapiga honi ya mwisho ikamwacha. Hakulia. Alinitazama tu, akauliza, "Una watoto?" Nikasema sina.

Ndivyo ningekufanya. Usinyoe. Nitakuwa nje ya geti saa moja kamili.

Babako

Cartagena, 21 Machi 2019

Baba yangu,

Naomba baraka yako. Nimerudi salama, ingawa bado nazunguka chumbani kama mtu anayesubiri kuitwa.

Uliponiuliza kilichotokea huko ndani nilisema "mambo ya makaratasi tu," kwa kuwa muda haukutosha. Ni hivi. Hapa Cartagena nilipanda vizuri. Dada mmoja alisoma barua ya daktari, akanipiga picha mpya ya kadi ya meli, akanitakia safari njema. Kwetu ndiko kulikokuwa na kazi. Mlinzi alitazama pasipoti, akanitazama, akaita wenzake: "Njooni mumwone Eliécer!" Wakanikalisha kwenye kiti kwa muda wa saa tano na nusu. Nikaomba mkubwa wao, wakasema anakula. Nikaomba chumba cha pembeni, wakasema, "Kwani unaficha nini?"

Halafu nikakusikia wewe huko nje: "Nimefanya kazi hapa hujazaliwa, mjinga wee! Mtoe binti yangu!" Sijui kama ulijua unasikika.

Waliponiachia, tukabakiwa na saa moja na nusu. Wali wa nazi uliouleta umepoa, mbaazi zimeganda, na sijala kitamu kama kile. Lakini ulikula huku ukitazama getini. Ulikuwa unawaza nini?

Bintiyo,
Ivelisse

Colón, 2 Aprili 2019

Ivelisse, binti yangu,

Mungu akubariki. Goti limevimba kwa kusimama, usimwambie Nereida.

Nilikuwa namuwaza yule wa gauni la njano. Jina lake hasa sikumuuliza.

Jana nilikwenda kwa mkuu wa walinzi. Alinisikiliza huku akichezea kalamu, akasema walinzi wapya kumi na wawili wanaanza mafunzo. "Mzee, kama una uchungu hivyo, njoo uwaeleze mwenyewe." Nadhani alitegemea nitakataa. Nimekubali. Ni Jumatatu ya tarehe 15, saa mbili asubuhi.

Niliyotenda mimi nitawaeleza, hayo nayajua. Nisichokijua ni upande wa pili wa meza. Mtu kama wewe akifika mbele yao na karatasi zake mkononi, neno la kwanza wamwambie nini? Niandikie wewe, nitalisoma kama lilivyo.

Babako