Alama za Norbert kwa Wateule Wapya

Mtaa wa Birchwood,
Green Bay, Wisconsin.
2 Septemba 2019

Mpendwa mwanangu Garrett,

Hujambo huko Kodiak? Kifua kimepoa, au bado unakohoa kwa ile baridi ya kiwanda cha samaki? Vaa sweta niliyokutumia, hata wenzako wakiicheka rangi yake. Sisi tunaendelea vizuri. Goti linanisumbua mimi shangazi yako, ila mdomo hauna ugonjwa, kama unavyonijua.

Kwanza nikushukuru. Tangu Norbert wangu apatwe na kiharusi Januari, wengi walipiga simu mara moja, wakasikia hajibu, wakaacha. Wewe ulipiga kila Jumapili. Na ile siku ya Aprili timu za futiboli ya Kimarekani zilipokuwa zinateua vijana wapya kutoka vyuoni, ulimsimulia kila mteule wetu, kimo chake na kasi yake, utadhani mzee anakujibu. Hakutoa neno, lakini simu hakuiachia. Nilijifungia jikoni nikalia. Mungu akubariki sana.

Sasa nikueleze nililokuficha. Daktari alisema ulimi na miguu vinaweza kurudi, mwenyewe akitaka. Mwenyewe hakutaka. Aliona haya maneno yake yanavyoburuta, akanyamaza. Akaona haya kuyumba, akaganda kwenye kiti cha magurudumu. Mimi siwezi tena kumwinua. Hospitali wakaniambia, kwa upole lakini wazi, asipotembea kabla ya majira ya baridi itabidi nimpeleke makao ya wazee. Tumelala kitanda kimoja tangu ujana wetu, Garrett. Niliogopa hata kulitamka.

Kuhusu wateule, gazeti liliwapa alama za aibu. Lakini unamjua Norbert, alama za Aprili haziamini. Yeye husubiri Julai, wachezaji wanapotoka uwanjani kwenda mazoezini kwa baiskeli za watoto wa mji, na watoto wanawabebea helmeti. Siku zote amesema anayemjali mtoto aliyembebea helmeti atamjali na mwenzake mchezoni. Basi nikamsukuma mpaka kwenye uzio, kanuna huyo, wala hanitazami.

Mteule wa kwanza, yule mkimbiaji wa bei mbaya, alipanda baiskeli akaenda zake, mtoto wa watu akimkimbilia nyuma na helmeti. Hakugeuka hata mara moja. Norbert akaguna. Aliyeteuliwa raundi ya tatu alishuka akaikokota baiskeli ili aongee na msichana mwenye baiskeli, na mzee akamfuata kwa macho mpaka mwisho wa barabara. Hilo tu lilinitosha kwa siku ile.

Akabaki mteule wa mwisho kabisa, Malakai Fonua, kijana wa Utah mwenye asili ya visiwa vya Tonga, lile jitu la kumkinga mrushaji mpira asiangushwe. Gazeti lilimwita goigoi. Hakuna mtoto aliyempa baiskeli, nadhani waliogopa itavunjika. Alisimama na helmeti yake, akijifanya anafunga kamba za viatu. Halafu akatuona, akaja akachuchumaa mbele ya kiti.

"Mzee, mwenzio nimekosa usafiri. Tusaidiane?"

Nilidhani anatufanyia dhihaka, nikataka kumfukuza. Norbert akanyoosha ule mkono wake mzima, akaichukua helmeti, akaipakata. Malakai akakamata kiti akasukuma, watu wanapiga makofi njia nzima, mimi nyuma nahema. Katikati ya barabara nikasikia sauti niliyokuwa nimeikatia tamaa.

"Unakanyagia visigino," Norbert alimwambia, neno moja moja. "Watakuangusha."

"Nifundishe basi, mzee. Wengine wananiambia nile tu."

Nikakaza mwendo niwakaribie, nisikose neno.

Tangu hapo nikawa sina raha kila asubuhi ya mazoezi, mzee ananihimiza tutoke mapema. Malakai alimpa sharti: yeye akijirekebisha unyayo, mzee naye asimame na mkongojo. Wakawa wanaitana goigoi, wanachekana, hatua mbili, hatua tano. Kocha mmoja akatukaribisha ndani ya uzio. Nami niliwapelekea soseji na jibini, maana sikuwa na kitu kingine cha kumlipa kijana yule.

Juzi Jumamosi timu ilipunguza wachezaji, na Malakai ameachwa. Nilizima redio Norbert asisikie. Jioni kengele ikalia, kumbe ni Malakai, begi begani, amekuja kutuaga kabla ya uwanja wa ndege. Nikageuka kukifuata kiti, nikakikuta kitupu. Norbert alikuwa anakuja mwenyewe kwenye korido, na mkongojo, jasho linamtoka, akinikataza kwa macho nisimshike. Akafika mlangoni.

"Katika wateule wote," alisema, "wewe ndiye wa kwanza kwangu. Waache na gazeti lao."

Lile jitu liliinama likalia kwenye bega la mume wangu, naye akalibeba bila kuyumba.

Leo asubuhi nimewapigia simu makao ya wazee, nimewaambia kile chumba walichokuwa wamemwekea mzee wampe mwingine.

Nisalimie mkeo Lorna, na mbusu Tilly mashavu yote mawili. Dada yako Paula anakusalimu, na mzee anakusalimu kwa mdomo wake mwenyewe. Mola akulinde na baridi na bahari.

Mimi shangazi yako nikupendaye bila kipimo,
Verna Delvaux