Kwa Mama Kahaso, Ambaye Hakupanda Mnazi

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka Juni ya 1962. Watu hutuuliza kama tumepoa. Hatujui. Tunakwenda kazini, tunarudi, tunakula kilichopikwa. Hata kulia hatujalia.

Ulikuwa mpole kwa majirani na mkali kwetu. Mtaani Bofu, nyumba ya Wakristo ilikuwa yetu peke yake, na mwezi wa Ramadhani ole wake mtoto wako aliyetafuna muwa njiani. Kuku wa Krismasi ulimpelekea jirani yetu aitwaye Hadi awachinje yeye, ili mtaa mzima ule bila wasiwasi. Baba akikutania, "Kuku wote wamesilimu, tumebaki sisi," ulicheka mpaka ukashika mbavu.

Kazi yako ilikuwa kushona makuti. Ulishona ya minazi ya watu, mwenyewe hukupanda hata mmoja. Ulipanda mchicha na muhogo. "Mnazi niupande, wakitufukuza niubebeje?" ulituuliza.

Tulijua hofu hiyo ilikotoka. Baada ya vita Baba alirudi kutoka Burma, mkabatizwa, mkakataa kuchangia mbuzi wa tambiko la mvua. Mvua ilipokosekana, watu wa kwenu waliibomoa nyumba yenu, mkaja hapa Bofu, Likoni, na watoto mgongoni. Hapa kuta na makuti ni yetu, ardhi ni ya Bi Mahfoudha, mamake Hadi. Na aliyejenga kwenye ardhi ya mtu hapandi mnazi, maana mti wa kudumu ni kudai ardhi, wala hazikwi hapo.

Ulitaka kulala karibu na mama yako. Ndugu yako Fondo alikwenda kwenu kukuombea mahali pa kuzikwa, akarudi na jibu: "Wazee wamekataa. Wasema Kahaso alishaondoka." Tukakaa kibarazani, hatuna pa kukupeleka. Tuliona aibu, Mama, kana kwamba tumefukuzwa tena, na safari hii wewe umelala ndani.

Bi Mahfoudha akaja na buibui lake, hata hakuketi. "Mzikeni hapo uani kwake. Wallahi, hakuna atakayemtoa."

Jumapili iliyopita tumepanda mnazi kando yako. Ruhusa hatukuomba. Bi Mahfoudha akapita, akasimama, akautazama.

"Mchanga huu wataka maji mengi," akasema. Akachota kwenye mtungi wetu, akaumwagilia.

Wanaokukumbuka ni mumeo Gershom Mramba, wanao Dorcas, Kenga na Ruwa, ndugu yako Fondo, wajukuu, na jirani zako Bi Mahfoudha na Hadi.

Hatutakusahau, Mama. Tupo hapa hapa.