Kengele ya Kivuko

Prewitt, Nebraska
4 Februari 2024

Mpwa wangu Marit,

Pokea salamu za mjomba wako. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeanza kiburi tangu theluji ianguke. Mbwa mzima, trekta mgonjwa. Natumaini huko Chicago unakula vizuri na chumba chako kina joto. Nakuandikia kwa sababu simu na sikio langu hili ni kupigiana makelele tu, na majirani wanafaidi.

Nije kwenye kilichoniuma. Jana nilinunua gazeti, nikaiona ratiba ya mpira wa vyuo. Nikadhani ni miwani. Nikaifuta, nikasoma tena. Ashgrove, jirani zetu wa ng'ambo ya mto, tuliokutana nao uwanjani kila mwisho wa Novemba tangu babu yangu akiwa na meno yote, msimu huu hawachezi nasi. Watacheza na watu wa Oregon. Watacheza na watu wa New Jersey. Sisi Dunmore, chuo cha hapa Prewitt, ambao ukipanda juu ya ghala langu la mahindi unaziona taa za uwanja wao, hatumo.

Najua, wamehamia ligi kubwa, televisheni imewaita. Lakini ligi gani hiyo inayoanzia bahari hii na kuishia bahari ile? Vijana wapande ndege Alhamisi, wacheze Ijumaa usiku, Jumatatu wakafanye mtihani wa kemia. Na kocha wao mzee wamemfukuza kwa sababu tulimfunga, wakaleta mpya kutoka Georgia ambaye hajui hata mto wetu unaelekea wapi.

Wewe uko kwenye ofisi hiyohiyo ya ligi, chumba hichohicho cha ratiba. Nani anashika kalamu huko? Kama ni wewe, nitakuchapa kwa kofia yangu ya kijani ya Dunmore.

Kinachonitisha si mpira peke yake. Desturi yetu unaijua: walioshindwa huikokota kengele ya kivuko hadi katikati ya daraja, na pale huwakabidhi washindi kamba, wakae na kengele mwaka mzima. Upande wetu kamba naishika mimi, upande wao anaishika baba yako. Tangu alipomzika mama yako kwenye makaburi ya kwao, badala ya kumlaza karibu na wazazi wetu, mimi naye hatuongei ila siku hiyo moja. Anasema "Lowell." Nasema "Duane." Tunashikana mikono, basi. Ni kidogo lakini ni kitu. Mechi ikifa sijui tutakutana wapi, maana mimi ng'ambo sivuki.

Mjomba wako,
Lowell


Chicago
18 Februari 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pole na goti. Lipeleke kwa daktari, usilipeleke kwa fundi wa trekta. Mimi sijambo, ila upepo wa huku unakata masikio.

Kalamu haipo, mjomba. Ipo mashine, na mimi mwenyewe bado inanishangaza. Tunailisha kila kitu: viwanja, umbali wa safari, wiki za mitihani, saa za televisheni. Kisha tunaenda kulala. Asubuhi tunakuta imepanga ratiba maelfu kwa maelfu, kila moja tofauti na mwenzake, na zote zinawezekana. Siku ya kwanza kahawa ilinipoa mkononi. Harusi zitakazosogezwa, watu watakaoendesha gari usiku kucha wakamwone mtoto wao akicheza, yote yamo mle, katika viboksi vidogo vya rangi. Niliogopa kuigusa.

Lakini mashine haiijui kengele, kwa sababu hakuna aliyeiambia. Dunmore hamko kwenye ligi yetu, kwa hiyo kwa mashine hamko duniani.

Maneno yako kuhusu baba nimeyasoma, na sikuyapenda. Hivi nyinyi wawili mna umri gani? Daraja lile halina mlinzi, mjomba. Mtu yeyote anavuka.

Mpwa wako,
Marit


Prewitt
10 Machi 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti limetulia, trekta imepona, mbwa ndiye anayechechemea sasa. Wewe je, upepo umekuachia masikio?

Habari za mashine yenu niliwasomea watu kwa sauti kwenye mgahawa wa Bernice, wakaacha kula. Mmoja akauliza kama inaweza kutupangia mvua.

Sasa sikiliza. Nimebandika ratiba mbili kwenye friji, ya Ashgrove na yetu. Tazama Jumamosi ya tarehe 30 Novemba, ile inayofuata Sikukuu ya Shukrani. Ashgrove, mapumziko. Dunmore, mapumziko. Jumamosi ileile ya siku zote, Marit. Mashine isiyotujua, isiyoambiwa na mtu, imeacha nafasi palepale pa babu zetu. Nilisimama mbele ya friji mlango wazi, maziwa yanapata joto, nywele zimenisimama. Kanisani unajua mimi ni mtu wa Pasaka na Krismasi tu, lakini siku hiyo nilivua kofia.

Wagongee milango huko. Waambie nafasi ipo. Televisheni hatuitaki. Tucheze saa saba mchana, kama watu.

Mjomba wako,
Lowell


Chicago
22 Mei 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na habari za kupanda? Mimi mzima, ila leo naandika kwa uzito.

Nimegonga. Mkuu wangu alisema mechi ya nje ya ligi ni shauri la vyuo vyenyewe. Nikawaandikia Ashgrove, na kocha mpya akanijibu yeye mwenyewe, kwa adabu. Vijana wake watakuwa wametoka kusafiri pwani moja hadi nyingine, anataka walale. Halafu akasema wazi kwamba Dunmore haimpi faida. Akiwafunga, hakuna atakayempongeza. Akifungwa, atafuata njia ya mwenzake. Siwezi kusema anadanganya.

Samahani, mjomba. Nilirudi pia kuzitazama ratiba nyingine ambazo mashine ilipanga. Katika nyingi, nafasi ile haimo. Ilikuwa bahati tu.

Baba alipiga simu Jumapili. Kabla ya kukata aliuliza kama kengele iko salama. Nikamwambia akuulize mwenyewe. Akasema ana nyama jikoni.

Mpwa wako,
Marit


Chicago
15 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeandika Juni, nimeandika Julai, hujajibu. Nilimpigia Bernice, akasema u mzima wa afya na umejaa kisirani. Msimu umeanza. Juzi Ashgrove walirudi kutoka Oregon alfajiri, nikaiona ndege yao ikitembea kwenye ramani ofisini, nukta moja juu ya milima yote ile, nikakukumbuka.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata tusi nitapokea.

Mpwa wako,
Marit


Prewitt
10 Novemba 2024

Mpwa wangu,

Mimi hai. Tusi sina. Natumaini wewe ni mzima kuliko mimi nilivyokuwa kiangazi chote. Sikukukasirikia wewe, nilikuwa nimekasirikia bahati. Nilishaiamini ile nafasi, unaelewa? Mtu mzima na akili zangu.

Mahindi tumevuna, si haba. Lakini chuo chetu kimekuja na jambo. Wanasema kwa kuwa mechi imekufa tukiwa washindi, kengele iwekwe ukumbini, ndani ya kabati la kioo, na kibao cha shaba. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje. Kengele ile iliita watu wapande kivuko kabla daraja halijajengwa. Kuiweka mahali pamoja milele ni kuiziba mdomo.

Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 30, saa sita mchana, nitaikokota hadi katikati ya daraja kama kawaida. Watu wananicheka, wanasema mshindi hakokoti. Nawajibu kwamba sisi tuliachwa, na aliyeachwa ameshindwa vya kutosha. Asipotokea mtu, nitaigonga mara moja nirudi nayo nyumbani.

Usimwambie baba yako. Sitaki aje kwa kunihurumia.

Mjomba wako,
Lowell


Chicago
19 Novemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Jumamosi za Novemba hatutoki ofisini, la sivyo ningekuja nikusukumie mkokoteni. Vaa soksi mbili mbili na ulifunge goti.

Kuhusu baba, sikumbuki kukuahidi kitu.

Mpwa wako,
Marit


Prewitt
2 Desemba 2024

Marit, mtoto usiyesikia,

Mimi mzima, goti limevimba na sijali. Kaa chini usome.

Jumamosi niliamka, baridi kali, mashamba meupe. Nikaifunga kengele juu ya mkokoteni, nikatoka peke yangu. Nilipopita mgahawani, Bernice alikuwa ameweka kibao cha kufunga, akatoka na kofia yake ya kijani akatembea nyuma yangu. Kisha wakatoka wengine, walewale walionicheka. Sikugeuka kuwahesabu. Nilisikia viatu tu.

Mto ulikuwa unafuka ukungu, na ng'ambo sikuona kitu. Nikasema moyoni, haya, tutaigonga turudi. Tulipofika karibu na katikati, ukungu ukapasuka kidogo na nikaona nyekundu. Nikadhani ni lori. Marit, walikuwa watu. Daraja zima upande wao, na barabara nyuma ya daraja, na mlima nyuma ya barabara. Watoto mabegani, vikongwe kwenye viti vya magurudumu, wote wamevaa rangi zao, siku ambayo hakuna mechi popote, hakuna mpira, hakuna cha kushangilia. Nimewahi kuona kimbunga kikiling'oa banda langu na kulipeleka angani. Hakikunitetemesha hivi.

Baba yako alikuwa mbele.

"Lowell."

"Duane." Nikamnyooshea kamba. "Chukua. Mmetuacha, tumeshindwa."

Akatia mikono mfukoni. "Mlibaki uwanjani nyinyi," akasema. "Sisi ndio tulioondoka. Anayeondoka uwanjani ndiye aliyeshindwa. Kengele ni yenu, na sisi ndio wa kuikokota."

Nikamwambia asinifundishe desturi. Akaniambia ninyamaze. Nyuma yangu Bernice akapaza sauti kwamba tulioshindwa ni sisi, na upande wao mama mmoja akajibu kwamba sisi wa Dunmore tutakuwa washindi, tutake tusitake. Fikiria. Maisha yetu yote tumegombana nani bora, leo tunagombania kushindwa. Watu wakaanza kucheka, pande zote mbili, na kicheko kikapita daraja lote kikarudi.

Basi baba yako akaunyakua mkokoteni, akaugeuza, akaanza kuukokota kuja kwetu. Na wote wale wakamfuata. Rangi nyekundu ikashuka darajani ikaingia barabara ya Prewitt, inapita mbele ya nyumba zetu, na watu wetu wanawafungulia milango. Pembeni nilimwona mtu mrefu, viatu vinang'aa, akaniuliza kengele ina uzito gani. Nikamwambia ajaribu. Akampokea baba yako, akaikokota hadi mwisho wa barabara yetu akatoka jasho. Baadaye ndipo nikaambiwa yule ni kocha wao. Aliniuliza mwakani tutafanyaje. Nilimwambia aulize mto, sasa anajua unaelekea wapi.

Jioni baba yako alikaa jikoni kwangu, kwenye kiti alichokuwa akikalia mama yako. Nilimpa mchuzi wa maharage na nyama, na mkate wa mdalasini, kama siku za zamani. Akala vyote kwanza. Kisha akasema:

"Aliniomba mwenyewe, Lowell. Alitaka alale pale mlimani. Alisema kutoka pale ataliona ghala lenu la mahindi."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Hukuniuliza. Kila mwaka ulikuja darajani ukaniambia jina langu."

Nililia, naye akaosha vyombo.

Jana asubuhi alikuja kunichukua kwa gari, tukavuka. Makaburi yale ni mazuri, Marit, sikujua. Nilisimama pale kwa mama yako, nikatazama ng'ambo, nikaliona ghala langu, nyumba yangu, na taa ya jikoni niliyosahau kuizima. Amekuwa akiiona siku zote hizi.

Mjomba wako,
Lowell


Chicago
26 Januari 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini uvimbe wa goti umeshuka. Baba anasema unavuka kila Jumapili na kwamba unamwibia katika karata. Barua yako naitembeza kwenye mkoba, imechanika pembeni.

Ratiba mpya inatoka kesho, na nimetaka uijue kwangu kabla hujakimbilia gazeti. Itazame Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Utakuta Ashgrove wana nafasi tupu, na nimeambiwa kwamba Dunmore nao wanayo. Kuijaza ni kazi ya wenye uwanja, mimi siwezi. Ila jana kocha wa Ashgrove alitupigia simu kuuliza kama nafasi ile ni ya uhakika.

Nimemwambia ndiyo. Safari hii si mashine iliyoiacha.

Mpwa wako,
Marit