Jino Zima la Bibi Njau

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Mimi mwanao ni mzima, ingawa nusu ya moyo niliiacha Newala nilipopanda basi. Habari za hapo nyumbani? Mikorosho imeshaanza kutoa maua?

Huku Moshi mlima hauonekani kila siku. Asubuhi ukungu hushuka mpaka kwenye migomba ya kituo chetu cha afya, wagonjwa wanatokea humo mmoja mmoja, kimya kimya, nami huwapokea nikiwa kama sijaamka sawasawa. Nadhani asubuhi ile nilikuwa hivyo hasa.

Mama, nimemng'oa mtu jino zima.

Kijiji hiki karibu wote ni ukoo mmoja. Niliita, "Bibi Njau!" Akainuka bibi mmoja, akaketi kitini. Kadi niliyoshika ilisema gego la chini, kulia. Nikachoma ganzi, nikang'oa, akaondoka na pamba mdomoni, akapotelea kwenye ukungu. Ndipo mwingine akasema pale benchini, "Daktari, Njau si ni mimi? Mbona nimerukwa?" Nikalitazama lile gego kwenye sahani. Halikuwa na tundu hata moja.

Sikufichi, nilitamani kunyamaza. Nani angejua? Lakini kila nilipofumba macho nililiona, jeupe, safi. Nikaenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, nikilia, nikijua kazi sina tena. Hakufoka. Alituita wote, akasema, "Tuanzie benchini. Nani aliita jina, na aliitaje?" Tukarudia hatua kwa hatua mpaka tukaona tulipoteleza. Sasa tunaita majina yote matatu na kitongoji, na mgonjwa hushika kioo akaonyesha jino kwa kidole chake kabla ya sindano.

Nesi Ndeshi, mwenyeji wa huku, alikata jani la isale kwenye mpaka wa shamba, akaniambia, "Huku ukienda kuomba radhi unashika hili. Halikataliwi." Tukapanda wote wawili hadi kwa yule bibi niliyemkosea, maji ya mfereji yakinong'ona chini ya migomba, nami sijui kama natembea au naota.

Bibi alilipokea jani kwa mikono miwili.

"Nilijua silo," akasema. "Ulipochoma upande ule nilijua. Nikasema, huyu amesoma bwana, labda ameona ugonjwa unakotokea."

"Sasa bibi, mbona hukuniambia?"

"Ningemwambiaje daktari?" Akacheka, nikaliona pengo nililomwachia. Nililia, mama. "Basi, nimeshakusamehe. Lakini lile bovu bado linaniuma, na utaling'oa wewe wewe."

Alikuja Alhamisi. Nikamketisha kitini. Akainua kioo, akanishika kidole, akakipeleka mwenyewe mpaka kwenye jino. "Hili," akasema, akafumba macho. Nikang'oa.

Nisalimie mjomba fundi viatu, mwambie huku baridi haina adabu. Dada mkubwa na pacha wake nawakumbuka sana, na shangazi anayelalamika siandiki, msomee hii yote.

Mama, ulinifundisha kunyamaza mbele ya waliosoma, na sikulaumu, maana nawe ulifundishwa hivyo. Lakini siku utakayokaa kwenye kiti cha daktari yeyote, mchukulie kuwa ni mimi. Ukiona nakosea, niambie.

Binti yako akupendaye,
Zuhura