Saa Yenye Kifungo cha Mama

Makorora, Tanga
2 Septemba 1994

Mwanangu Abdulhakim,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila kifua hunibana asubuhi. Anayeandika ni jirani yetu Mastura, mimi namtajia maneno. Kazi ya kutengeneza redio huko Kariakoo inaendeleaje?

Saa yetu ya mezani imekufa, ile ambayo mama yako aliitoa kioo ili mimi nisiyeona niguse mishale. Ndiyo iliyonijulisha wakati wa kuadhini. Msikitini wamenunua saa ya umeme, ya namba. Nimeipapasa, laini tupu, haina pa kugusa. Katibu Zubeiri kaniambia, "Mzee Mwinyijuma, namba nyekundu zile hata mbuzi anaziona." Nikamjibu, basi mbuzi na aadhini. Wakacheka, lakini wamenipa miezi miwili. Nikishindwa kujua wakati mwenyewe, kazi atapewa mwingine. Tangu mama yako atutoke, adhana ndiyo inayonitoa nyumbani.

Hebu niambie, namba hizo hukaa wapi ndani ya saa?

Baba yako

Kariakoo
15 Septemba 1994

Baba, shikamoo.

Kifua vipi sasa? Usiache tangawizi. Mimi sijambo.

Swali lako halikunipa raha. Ndani ya saa mna hesabu inayokwenda tu, na taa huionyesha kwa wenye macho. Nikajiuliza, kama inawasha taa, kwa nini isilie? Mimi na fundi mwenzangu Asheri tumeifungua saa ya betri na kuifungia kidude cha kulia. Ukibonyeza, italia milio mirefu kwa saa, mifupi kwa dakika. Nimempa dereva wa basi akuletee.

Mwanao

Makorora
4 Oktoba 1994

Mwanangu,

Kifua kimetulia, alhamdulillahi. Saa imefika, na wajukuu wa Mastura wanaomba niibonyeze kutwa.

Lakini adhuhuri ililia mara kumi na mbili. Nimesimama juani, saa inaniambia magharibi! Umeihesabu Kizungu, kama wanavyosoma ofisini, si kama tunavyohesabu sisi nyumbani. Halafu dakika: milio arobaini na saba. Nilipofika ishirini, mtu akanipa salamu, ikabidi nianze upya. (Ni mimi Mastura niliyemsalimu. Sikujua kama anahesabu.)

Mwanangu, mbona hukuniuliza? Mama yako kabla ya kutoa kioo alinishika kidole akasema, "Unataka kugusa wapi?" Mimi dakika nazijua kwa tanotano, kama nilivyozigusa kwenye mshale. Na hicho cha kubonyeza kimezama, sikipati kwa kidole. Ndani ya bahasha mna kifungo cheupe cha gauni lake. Kigundishe juu yake.

Saa nimempa dereva airudishe. Zimebaki wiki nne.

Baba yako

Kariakoo
22 Oktoba 1994

Baba, shikamoo.

Nisamehe. Jumapili nilijifunga kitambaa machoni kutwa nzima. Nimeunguza ugali, nimevaa shati nje ndani. Asheri alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimekutengenezea saa ya mtu anayeona.

Sasa saa sita italia mara sita. Dakika, mlio mmoja kwa kila tano. Kifungo nimekigundisha. Kina uzi wake bado, sikuutoa.

Nimempa tena dereva akuletee. Ijaribu. Niambie kila inapokosea.

Mwanao

Makorora
5 Novemba 1994

Mwanangu,

Mimi mzima wa afya. Uzi nimeukuta.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Jumatano. Umeme ulikatika tangu asubuhi, ukarudi, na saa ya msikitini ikawa inapepesa sifuri tupu. Hodi ikapigwa. Zubeiri. Akakohoa, akauliza kama najua ni saa ngapi.

Nikampa saa yangu, nikamwambia abonyeze kwenye kifungo, afumbe macho kwanza. Akahesabu kwa sauti, akakosea kwa mlio mmoja.

"Bonyeza tena," nikamwambia, "hakuna haraka."

Mara ya pili akapata. Nikamshika bega, tukaenda, nikaadhini.

Baba yako