Kitanda cha Tekla

Jumamosi, 1 Juni 2024

Baridi ya Iringa leo haina adabu. Nimetoka Kihesa asubuhi kwenda Ilula kutafuta matenga ya nyanya yaliyovunjika, nimerudi na kitu bora zaidi — mapaleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia magunia! Kumi na moja! Didas, niliyesoma naye sekondari, sasa ni mtunza stoo wa duka la pembejeo kule. Yalikuwa yametupwa nyuma ya ghala. Kasema, "Mwalimu, beba, ukiyaacha watu watapikia." Nimemwachia ya soda tu. Mbao nene, zimenyooka. Mbili tatu zina madoa meusi upande mmoja. Oil, kasema.

Tangu shule itupunguze Desemba sijapata mbao nzuri hivi. Nimefufua stuli, viti vya watu vilivyokatika miguu, kabati la vyombo kutoka kwenye mlango mbovu. Lakini hizi siuzi. Hizi ni za Jackline.

Mdogo wangu huyo alipoteza mimba mbili. Sasa ana mtoto wa wiki saba kule Mbeya, mzima, wamempa jina la marehemu mama yetu — Tekla. Na mimi, mama mkubwa wake, sijapeleka hata kitenge. Kitanda cha mtoto cha dukani sikiwezi. Nitakitengeneza mwenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Vidole vinawasha, kalamu naishika kwa shida. Vumbi la msasa hilo. Siku mbili nang'oa misumari tu! Fundi Aroni, jirani yangu, yuko Mafinga kwa mwanaye ila kaniachia randa na msumeno. Zile mbao za madoa nimezipiga randa mpaka zikawa nyeupe — karibu nyeupe. Nimezifanya chaga, upande wa doa nikaugeuzia chini. Chini ya godoro nani ataona.

Kokila wa duka la vitambaa kanipa masalia ya pamba, nimeshona mto na kizuizi cha pembeni. Vanishi nimepaka nje tu. Ndani nimeacha mbao tupu ili mtoto asivute harufu ya vanishi.

Kimependeza! Nimekaa nakitazama kama vile nimekizaa.

Jumatatu, 10 Juni

Kimefika. Kimepanda fuso lililokuwa linarudi Mbeya tupu. Jackline kapiga simu analia kwa furaha, kasema dada, hata wenye hela hawana kama hiki. Shemeji Rabson naye kashukuru sana. Mama yake Rabson, anayekaa nao pale Uyole, hakuja kwenye simu. Baadaye Jackline kaninong'oneza — mama kauliza, ina maana kwenu mtoto analazwa kwenye mbao za kubebea mbolea?

Nimecheka. Imeniuma lakini.

Jumanne, 18 Juni

Tekla anaumwa. Macho yanatoa machozi muda wote, mate hayakauki, vipele vimejaa shingoni na mgongoni. Halali. Zahanati wamempa ya kupaka, haijasaidia.

Na Mama Rabson amepata maelezo yake. Kasema ni maziwa ya Jackline. Eti ana damu mbaya, ndiyo maana hata zile mimba mbili hazikukaa. Kamwambia hivyo usoni, mezani, mumewe akiwepo! Rabson kaendelea kula. Nimemwambia Jackline asisikilize, anyonyeshe. Kanijibu, "Dada, wewe huishi humu."

Jumamosi, 22 Juni

Macho bado yananichoma.

Mchana nimewasha jiko kwa vipande vya mbao vilivyobaki, nichemshe maharage. Moshi wake si wa kuni. Mchungu, unachoma macho, koo likajifunga kabisa. Nimetoka nje natapika. Fundi Aroni — karudi jana — karuka uzio na miaka yake ile, kamwaga ndoo nzima ya maji jikoni. Halafu kaokota kipande ambacho hakijaungua, kakinusa.

"Mwalimu, mbao hizi umezitoa wapi?"

"Ilula."

"Kwa nani?"

"Stoo ya pembejeo."

Kakitupa chini kile kipande. Kisha kasema hiyo ni dawa ya kupulizia nyanya, imeshapenya mpaka ndani, hata ukipiga randa wiki nzima haitoki. Mbao hiyo ni ya kufukia. Akaniuliza nimetengeneza nini nayo.

Nimemwambia stuli.

Stuli! Mdomo wangu mwenyewe!

Jumapili, 23 Juni

Ibada nimekaa, sikusikia neno. Nimempigia Jackline mara mbili, mara zote nimekata kabla hajapokea.

Nikisema, yule mama amepata la kusema mpaka kaburini. Jackline hatainua uso tena kwenye nyumba ile. Kitu pekee kilichotoka kwao, na kilikuwa sumu. Nisiposema — lakini pengine siyo kitanda. Watoto wote wanaota vipele. Uyole kuna baridi. Pengine sabuni wanayofulia.

Pengine, pengine. Maharage nimeyamwaga, hata kuku sijawapa. Kuku nimewaonea huruma!

Jumatatu, 24 Juni

Nimekwenda Ilula. Didas aliponiona tu kajua.

Kanivuta nyuma ya ghala. Kasema mwezi wa nne madumu mawili ya dawa yalivuja juu ya mapaleti yale, bosi akaamuru yachomwe. Yeye kaona hasara kuchoma mbao nzuri.

"Uliniambia oil, Didas!"

"Mwalimu, mimi najua unatengeneza vya kukalia. Mambo ya mtoto hukuniambia."

Kweli sikumwambia. Halafu kaanza kuniomba nisimtaje, ana watoto watatu wanasoma. Nimeondoka akiwa bado anaomba. Nimemtukana moyoni njia nzima mpaka Kihesa, na nilipofungua mlango nikajua namtukana nani.

Niandike tu, maana hapa hakuna wa kusoma. Harufu niliisikia. Siku ileile ya kwanza, nayapakia kwenye gari. Nikajiambia ni ya ghala, jua litaitoa. Na vidole viliwasha wiki nzima, nikasema vumbi. Mbao zilikuwa nzuri mno na mimi nilikuwa na hamu mno ya kuitwa dada mkubwa.

Jumatano, 26 Juni

Leo nimepiga na sikukata.

Nikapanga kusema, nikasema kingine. Nimemwambia Jackline kitanda kina kasoro, misumari ya chaga nimeiweka vibaya, inaweza kuachia. Asimlaze Tekla mle mpaka nije nikichukue. Nikafikiri nina akili. Mtoto anatoka kwenye kitanda, aibu haitoki kwangu.

Nusu saa baadaye simu. Jackline, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili anacheka.

"Dada, usipoteze nauli! Rabson kapiga misumari mipya kote. Hata mtu mzima hakitamwangusha. Tumeshamlaza."

Nimesema, "Sawa."

Kabla hajakata kaniambia tangu juzi hanyonyeshi. Mama mkwe kakataza. Tekla anapewa maziwa ya ng'ombe kwa kikombe, anatapika. Yeye kifua kimejaa, kimekuwa jiwe, anakamua bafuni anamwaga.

Na mimi nilisema sawa. Nikakaa na simu mkononi. Nikapiga tena, haikupokelewa. Nikapiga tena.

Alhamisi, 27 Juni

Rabson kanitumia meseji saa nne asubuhi. Tekla kalazwa. Anapumua kwa shida.

Kesho gari la kwanza. Nimeomba nauli kwa fundi Aroni. Kauliza kuna nini Mbeya. Nimemwambia haikuwa stuli.

Ijumaa, 28 Juni — Mbeya

Niandike yote.

Hospitali. Tekla ana mpira wa oksijeni puani, kifua kinaingia ndani kila anapovuta. Mdogo sana. Sikumbuki kama nilisalimia. Jackline kakaa kitandani, gauni limelowa maziwa mpaka tumboni, hajifuti. Rabson yuko kazini. Mama Rabson yuko sakafuni na ndala za miguu tofauti. Jana alikimbia na mtoto mgongoni mpaka barabarani, hakungoja mtu. Hilo sikuwa nalo kwenye mawazo yangu juu yake.

Daktari ni binti mdogo tu. Kauliza kama nyumbani kuna dawa ya wadudu, ya mbu, ya shambani, yoyote. Mama Rabson kajibu haraka, hakuna, kwetu ni pasafi, waulize majirani.

Daktari akaanza kuandika.

Nikasema, "Kitanda."

Wote wakanigeukia. Nikasema tena, nikaendelea mpaka mwisho. Mapaleti, madumu yaliyovuja, doa nililoligeuzia chini, moshi, misumari ya uongo. Harufu pia. Nilisema nilisikia harufu.

Daktari hakunifokea. Kasema hawezi kuapa kwamba ndiyo chanzo, maana kwenye mapafu kuna nimonia, ila dalili zingine anazielewa sasa, na hata dawa ya kuongeza sasa anaijua. Mtoto asikisogelee tena kile kitanda, wala asilazwe mtoto mwingine yeyote. Na mama anyonyeshe, maziwa yake hayana kosa lolote. Hilo kalisema akimtazama Mama Rabson.

Jackline hakuniangalia. Kamchukua mtoto taratibu na mipira yake, akamweka kifuani.

Nikangoja Mama Rabson anipasukie. Nilikuwa nimejiandaa — aniite mchawi, aniite muuaji. Kaweka kiganja mdomoni.

"Nimekitoa," kasema.

"Umekitoa wapi, Mama?"

"Jana. Nimempa Eveline."

Jumamosi, 29 Juni

Eveline ni mpangaji wa chumba cha uani pale Uyole. Kajifungua karibuni. Mumewe kapata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, na juzi Alhamisi gari lilikuja kuwahamisha. Mama Rabson karudi kutoka hospitali kuchukua nguo, kamkuta anamlaza kichanga juu ya magunia ya vyombo. Kitanda chetu kimekaa bure sebuleni. Kampa. Kamsaidia hata kukifunga kamba.

Kaniambia haya bila kunitazama. Kasema alimwonea huruma. Halafu kaongeza polepole kwamba na yeye alitaka kitoke ndani, hakukipenda tangu siku ya kwanza, na angekipenda asingekitoa. Sijui kama alikuwa ananilaumu mimi au anajilaumu mwenyewe. Nadhani hata yeye hajui.

Simu ya Eveline haipatikani. Ya mumewe hakuna anayeijua.

Tekla kanyonya mara mbili usiku wa kuamkia leo. Kidogo. Oksijeni bado.

Asubuhi Jackline kaongea na mimi. Sauti ya kawaida kabisa, afadhali angepiga kelele.

"Dada, ulipoona lile doa, uliwaza nini?"

Nimemwambia kweli.

"Niliwaza utakavyofurahi."

Kaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa hesabu ngumu. Kasema nenda kakitafute. Usirudi hapa mpaka umekipata.

Jumapili, 30 Juni — Ubaruku

Nilidhani nitakuja peke yangu. Saa kumi na mbili Mama Rabson alikuwa stendi kabla yangu, kajifunga kitenge juu ya sweta. Kasema, "Eveline ananijua mimi, wewe hakujui." Basi. Njia nzima mpaka Chimala hatukuongea. Pale tumebadili gari, kaninunulia chai na kitumbua, kaviweka mbele yangu, yeye hakula. Nilipomwambia asante Mama, kajibu, "Kula. Utaongea na tumbo tupu?"

Rujewa tukapanda pikipiki mbili. Ubaruku kila mahali ni mpunga, umeanikwa kwenye maturubai mpaka pembeni ya barabara. Na mashine siyo moja! Tumeuliza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kijana mgeni kutoka Mbeya, mke ana kichanga? Wanatikisa kichwa, kelele za mashine, hawasikii vizuri. Mama Rabson anapiga kelele kuliko mimi. Kwenye mashine ya tano mbeba magunia mmoja kasema wapo, chumba cha mwisho, ule mlango wa bluu.

Tumepiga hodi.

Eveline katoka. Msichana tu, ana kanga moja na uso wa kutolala. Alipomwona Mama Rabson kapiga kigelegele! Kamkumbatia, kamwita bibi. Kamuuliza Tekla anaendeleaje, Mama Rabson kasema anaendelea. Kanitambulisha — huyu ni dada yake Jackline. Eveline kanishika mikono yote miwili. Kasema kumbe ndiye fundi mwenyewe! Kasema jana majirani wamekuja kukitazama kitanda, mmoja anataka na yeye atengenezewe, nitamfanyia lini?

Nimesema, "Mtoto hajambo?"

Kasema hajambo, analala sana tu, toka jana analala, hata kunyonya mpaka amwamshe. Mtoto mpole, kasema. Kaleta benchi. Kasema tukae, amebadilisha nguo zake sasa hivi, anamtoa tumwone. Kaingia ndani. Anadhani tumekuja kumpongeza.

Nimetoa daftari, naandika hapa hapa kwenye benchi. Kupitia mlango naona miguu ya kitanda, vanishi inang'aa.

Mama Rabson kaegemea kwangu. Kasema, "Akitoka, mimi nampokea mtoto. Wewe sema. Usisubiri chai."

Namsikia Eveline ndani anambembeleza, amka mama, amka, una wageni. Anarudia.

Anarudia tena, sauti ya mtoto haisikiki.

Mama Rabson kasimama.